Mafuta ya nazi na seramu ya dukani kwa ncha kavu za nywele: wiki 12 za majaribio Lamu

Assalamu alaikum watazamaji wangu. Nawakaribisha tena darini kwetu, hapa Mkomani, Lamu, ambako leo nimepanda mapema kwa makusudi, kwa kuwa mwanga wa asubuhi huonyesha unywele kama ulivyo, tofauti na taa ya chumbani inayosetiri mengi. Mbele yangu kwenye sinia kuna chupa mbili. Moja ni mafuta ya nazi niliyoyapika mwenyewe jikoni, na ya pili ni seramu ya ncha za nywele niliyoinunua dukani baada ya kusoma kwenye boksi lake kwamba hurekebisha ncha zilizopasuka. Nimezitumia zote mbili kwa wiki 12 kwenye kichwa hiki kimoja, na leo nawaeleza nilichokiona pamoja na sababu zake, kwani wengi wenu mmenitumia picha za nywele ambazo utosini ni nzito na mwishoni zimekuwa nyembamba kama mkia wa panya, mkaniuliza mpake nini.

Kwanza niisogeze ncha ya msuko huu karibu na kamera. Tazameni unywele huu uliogawanyika mara mbili kama ulimi wa nyoka. Huu ulio pembeni yake haujagawanyika, lakini una nukta nyeupe ndogo karibu na mwisho, na nikiukunja kidogo tu hapo penye nukta, mnaona, umekatika. Nukta hiyo ni mahali ambapo gamba la nje limekwisha na nyuzi za ndani zimetawanyika, mfano wa kamba ya jahazi iliyofumuka. Nywele za namna hii ndizo zinazofanya mwisho wa msuko uonekane mwembamba, kwa sababu mia huanza safari pamoja kutoka kichwani, lakini nyingi hukatikia njiani na chache hufika chini.

Nywele huota takribani sentimita 1 kwa mwezi. Zangu zina urefu wa sentimita 48, maana yake ni kwamba ncha hii ninayoishika ilitoka kichwani mwangu miaka 4 hivi iliyopita. Kwa kuwa naosha kila wiki, imeshaoshwa kwa maji ya kisima zaidi ya mara 200. Imepita kaskazi nne na kusi nne, imepigwa pasi ya moto kwa harusi za ndugu zangu, na imefungwa kwa lastiki mahali pamoja, chini ya mtandio, karibu kila siku ya Mungu. Tunapoilaumu ncha kwa kuwa kavu, tukumbuke kwamba ndiyo sehemu kongwe kuliko zote.

Inueni macho muone paa hili la makuti. Unywele nao umeezekwa hivyo hivyo. Umefunikwa kwa magamba membamba yaliyolaliana kuanzia kichwani kwenda mwishoni, na ndiyo maana ukipitisha vidole kutoka juu kushuka chini unahisi ulaini, lakini ukivipandisha unahisi mkwaruzo. Kila tunapoosha, kuchana, kusugua kwa taulo au kupiga pasi, magamba hayo hung'oka kidogo kidogo, na kama lilivyo paa lolote, upenuni ndiko kunakotangulia kuchakaa. Chini ya magamba kuna protini iitwayo keratini, na ikishabaki wazi, maji huingia na kutoka ovyo, unywele huvimba na kusinyaa, mpaka ufa unatokea na kuanza kupanda juu. Unywele uliokwisha kutoka kwenye ngozi hauna damu wala uhai. Kidonda cha mkono hupona kwa sababu mkono u hai, lakini ufa wa unywele hauna wa kuuponya, na jambo hili ndilo nililolitumia kuzipima chupa hizi mbili: sikuuliza ni ipi inayoponya, niliuliza ni ipi inayozuia ufa mpya.

Kabla sijaendelea, naomba kila mmoja wenu afanye kipimo kidogo nyumbani, kwa kuwa wapo wanaohangaika na ncha ilhali shida yao iko kwenye shina. Tandika kanga nyeupe au shuka jeupe, chana nywele juu yake, kisha okota zilizoanguka uzitazame mojamoja. Unywele ulio mrefu kamili na wenye kijivimbe cheupe upande mmoja umetoka na shina lake, na ni kawaida mtu kupoteza nywele 50 hadi 100 za namna hiyo kwa siku. Kipande kifupi kisicho na kijivimbe upande wowote kimekatika, na hicho ndicho tunachokizungumzia leo. Ukiona zenye vijivimbe zimezidi sana, hasa miezi michache baada ya kujifungua, baada ya homa kali, au kama unajihisi mchovu daima na uso umepauka, usinunue chupa yoyote. Nenda hospitali ukapimwe damu, kwa maana upungufu wa madini ya chuma na maradhi ya tezi ya shingo hupunguza nywele kuanzia kichwani, na mafuta ya ncha hayafiki huko.

Sasa nianze na seramu. Muuzaji aliniambia kwa yakini kwamba ncha zilizopasuka zitaungana na hazitafunguka tena, nami niliondoka dukani na matumaini makubwa. Siku ya kwanza nilidhani amesema kweli. Nilipaka matone mawili kwenye nywele zenye unyevu, na zilipokauka ziling'aa, chanuo lilipita bila kukwama, na ncha zilizopasuka zilikuwa zimeshikana. Wiki iliyofuata nilipoosha kwa shampuu, ncha zote zilifunguka tena, ile ile iliyogawanyika ikiwa imegawanyika vile vile. Ukisoma nyuma ya chupa utaona neno la mwanzo ni la jamii ya silikoni, iitwayo Dimethicone. Silikoni hukaa juu ya unywele kama ngozi nyembamba, hujaza mapengo ya magamba, hupunguza msuguano na hupunguza makali ya pasi ya moto. Hiyo ni kazi ya maana na siidharau. Kinachoniuma ni lile neno kurekebisha lililoandikwa kwenye boksi, kwa sababu dada anayeliamini huacha kukata ncha, na wakati anasubiri, ufa unaendelea kupanda.

Mafuta ya nazi niliyapika kwa namna tuliyoizoea. Nilikuna nazi 10 kwa mbuzi, nikakamua tui zito kwa kifumbu, nikaliacha usiku kucha mpaka utandu ukapanda juu, asubuhi nikaukusanya utandu huo na kuuchemsha kwa moto mdogo, nikikoroga bila kuondoka, hadi maji yakakauka na shata ikatua chini ya sufuria na kuanza kugeuka rangi ya hudhurungi. Hapo ndipo pa kuepua. Ukichelewa mafuta hunusa kuungua na harufu hiyo haitoki kwenye nywele wala kwenye mtandio. Nazi hizo zilinipa chupa ya nusu lita isiyojaa.

Mwaka 2003 watafiti wawili wa India, Aarti Rele na R. B. Mohile, walichapisha majaribio waliyolinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na ya madini, yaani yale yatokanayo na petroli, juu ya nywele nzima na nywele zilizoharibika. Ni mafuta ya nazi peke yake yaliyopunguza kwa kiasi kikubwa protini inayopotea wakati wa kuosha na kuchana, yapakwe kabla ya kuosha au baada yake. Sababu ni kwamba karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, ambayo molekuli yake ni ndogo na imenyooka, hivyo hupenya ndani ya unywele na kukaa pale ambapo maji yangeingia. Mafuta ya madini hubaki juu. Kwa hiyo nawasihi msome chupa za dukani zenye picha ya nazi, kwa maana viungo huandikwa kuanzia kilicho kingi zaidi. Ukikuta Paraffinum Liquidum imetangulia na Cocos Nucifera, ndiyo nazi yenyewe, iko mkiani, umenunua mafuta ya madini yaliyotiwa harufu ya nazi.

Nilizigawa nywele zangu pande mbili kwa msitari wa katikati. Upande wa kulia nilipaka mafuta ya nazi usiku wa kuamkia siku ya kuosha na sikuweka kitu kingine. Upande wa kushoto sikupaka kitu kabla ya kuosha, ila seramu matone mawili baada yake. Shampuu ilikuwa moja, chanuo moja, mtandio mmoja. Kila wiki niliokota vipande vilivyokatika vya kila upande nikavitia katika bahasha yake na kuandika tarehe, na bahasha zote 24 ninazo hapa. Hizi mbili ni za wiki ya kwanza, na nikizimimina kwenye sahani nyeupe mnaona mafungu yanalingana, hata mimi siwezi kusema lipi la upande gani. Hizi ni za wiki ya 12. Fungu la kushoto limepungua kidogo. La kulia limekuwa uzi uzi tu, na vipande vyake vingi ni vifupi kuliko ukucha, yaani ni ncha kongwe zinazomalizika, wala si nywele zinazokatikia katikati. Nilipoliona hilo nilikaa kimya kwa muda, kwa sababu bibi yangu alikuwa akitupaka mafuta ya nazi usiku wa kuamkia kuosha tangu tukiwa wadogo, nasi tulipokua tukaiacha desturi hiyo tukidhani kilichomo kwenye chupa za dukani ni bora zaidi.

Namna ya kupaka ina umuhimu kuliko wingi. Gawa nywele mafungu manne, chukua nusu ya kijiko cha chai kwa kila fungu, anza mwishoni kabisa kwa kuzibana ncha baina ya vidole mpaka zinywe, kisha pandisha hadi usawa wa masikio. Mwenye mba asifikishe mafuta kwenye ngozi ya kichwa, kwani huweza kuzidisha. Wakati wa kuosha, shampuu itiwe kichwani, na lile povu linaloteremka lenyewe linatosha kwa ncha.

Maji yetu nayo yana lao. Visima vingi vya hapa ni vya maji ya chumvichumvi, na sabuni ya kipande ikikutana na maji magumu huacha utando mweupe unaonata, ndipo nywele zikawa ngumu na kung'ang'ania chanuo. Tumia shampuu badala ya sabuni ya kufulia, na suuza mara ya mwisho kwa kopo mbili tatu za maji ya mvua kama mnayakinga nyumbani. Ukitoka kuogelea baharini, usiache chumvi ikakaukia kwenye nywele. Baada ya kuosha, zikamue taratibu kwa kanga kuukuu iliyolainika, bila kuzisugua, uzichane kwa chanuo la meno mapana kuanzia chini kwenda juu, kwa kuwa unywele uliorowa huvutika na kukatika upesi kuliko mkavu. Msizifunge zikiwa mbichi chini ya buibui. Na lastiki ile nyembamba isiyo na kitambaa, itupeni leo.

Wengi wenu mnapenda mbarika. Mafuta yake ni mazito na yanashika unyevu vizuri, lakini uzito huo hufanya ncha zishikamane, na kuziachanisha kunavunja zaidi ya kilichookolewa, kwa hiyo ukiyatumia yachanganye na ya nazi, sehemu moja ya mbarika kwa tatu za nazi. Hina mimi naipaka shinani tu, kwa sababu kila nilipoifikisha mwishoni ilizidisha ukavu.

Seramu ikiisha nitanunua nyingine, kwa siku za harusi na siku za pasi, nikijua ninachokinunua. Ya kila wiki ni nazi.

Limebaki la mkasi, na najua hapa baadhi ya mama zangu watakunja uso. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ufa wa unywele hauzibiki, hukatwa. Mkasi uwe wa nywele, mkali, usiwahi kukata karatasi wala kitambaa, kwani mkasi butu husaga ncha na kuacha ufa mpya siku hiyo hiyo. Sokota fungu jembamba la nywele kavu mpaka ncha zilizopasuka zijitokeze pembeni kama miiba, kisha kata kila moja sentimita 1 juu ya pale ufa ulipoishia kupanda, bila kugusa urefu wa zilizo nzima. Hivi ndivyo ninavyofanya sasa mbele yenu. Fungu hili la kwanza limenichukua dakika 5, na kichwa kizima hunichukua asubuhi moja kila baada ya miezi mitatu.