Four Letters of Love: wacha Mungu wa kikundi chetu ndio waliokikataa

Kama unataka riwaya ya mapenzi ya kumalizia safarini kwenye basi, hii siyo. Nalisema mapema kwa sababu kwenye kikundi chetu cha kusoma wapo waliolalamika kwamba wameuziwa mbuzi kwenye gunia. Jina linaahidi barua nne za mapenzi. Halafu unasoma, unasoma, mvulana yuko Dublin, msichana yuko kisiwani upande wa pili wa nchi, na sehemu kubwa ya kitabu inapita hawajaonana hata sura. Mwenzetu mmoja, mwalimu wa sekondari Tanga, aliandika kwenye kundi: "Jamani, hawa watu watakutana lini, au tusubiri toleo la pili?"

Mimi nimekipenda, ingawa si chote.

Mwandishi ni Niall Williams, mzaliwa wa Dublin, 1958. Mwaka 1985 yeye na mkewe Christine Breen waliyaacha maisha ya New York wakahamia Kiltumper, kijijini katika kaunti ya Clare, magharibi mwa Ireland. Hii ndiyo riwaya yake ya kwanza, ilitoka 1997. Huko kuhamia kijijini unakuona ndani ya kitabu: mvua, upepo na mawe ya pwani havikuwekwa pale kuwa pambo. Mtu anayeandika mvua namna hii ameshakimbilia nguo kwenye kamba mara nyingi.

Hadithi yenyewe, kwa ufupi. Nicholas Coughlan ana miaka 12 Mungu anaposema na baba yake, mtumishi wa serikali wa kukaa ofisini, na kumwambia awe mchoraji. Baba anaacha kazi, anabeba rangi zake anaelekea magharibi kuchora, nyumbani anabaki mke, mtoto na kabati lisilo na kitu. Mama anajilaza kitandani na hainuki tena kuwa yule wa zamani. Upande wa pili yuko Isabel Gore, binti wa mwalimu wa shule kwenye kisiwa cha pwani ya magharibi, mwalimu ambaye pia ni mshairi. Ndugu yake wa kiume, Sean, ana kipaji cha muziki. Siku moja Sean anapiga, Isabel anacheza kwenye miamba juu ya bahari, na ghafla Sean anaanguka. Tangu hapo hasemi wala hatembei, na Isabel anaamini yeye ndiye aliyemponza. Anapelekwa shule ya masista mjini Galway, na huko anakutana na Peader, kijana wa duka la vitambaa vya sufu, ambaye msomaji yeyote angetamani kumwita Isabel pembeni amwambie: dada, kimbia.

Sura zinapishana. Za Nicholas anazisimulia mwenyewe, za kisiwani zinasimuliwa na sauti ya nje inayojua kila kitu hadi ndoto za watu. Mwanzoni inachanganya kidogo, baadaye unazoea.

Kiingereza chake ni kizito, tusidanganyane. Sentensi moja inaweza kula nusu ya ukurasa, na kabla hujaifika mwisho mwandishi ameshakupitisha kwenye mawingu, maombi na harufu ya rangi. Dada yetu wa Muscat alikifunga mara kadhaa akisema kila mtu humo ndani analia kishairi, hakuna hata mmoja anayelia makamasi. Ni lawama ya haki. Lakini mimi nimekulia nyumba ambayo redio ilipiga taarabu mchana kutwa. Moyo uungue, jahazi lizame, waridi linyauke, vyote ndani ya ubeti mmoja, na hakuna aliyeuliza mbona imezidi. Kwa masikio hayo kitabu hiki hakinichoshi. Nilipoanza kukisoma kwa sauti, usiku watoto wakishalala, ndipo kilipofunguka. Ukikisoma kwa macho tu, kwa haraka ya simu, utakiona kimejaa maneno.

Nakala yangu niliipata kwa muuza vitabu vya mitumba katikati ya mji, Dar es Salaam. Karatasi zimegeuka manjano, maandishi ni madogo, kwa mwenye miwani aivae. Aliyekuwa nayo kabla yangu alipigia mstari kwa penseli karibu kila mahali palipotajwa mapenzi, mpaka kwenye harusi ya Isabel. Baada ya harusi hakuna hata mstari mmoja. Sijui aliishia hapo au alikasirika, lakini nilipotuma picha ya ukurasa huo kwenye kundi, watu wengi walisema nao hapo ndipo walipotaka kukirusha dirishani.

Sasa nije kwenye ugomvi wenyewe, kwa sababu sijawahi kuona kitabu kinawapanga watu wetu kinyume namna hii.

Ungedhani riwaya ambayo Mungu anasema na mtu tangu mstari wa kwanza ingewavutia wale wenzetu wa swala tano na wa ibada za asubuhi. Wapi! Ndio waliokikataa. Bi mkubwa wetu wa Mombasa, ambaye ndiye msomaji wa zamani kuliko sote, alituma ujumbe wa sauti huku nyuma mafuta yanachemka kwenye karai: "Mwanangu, Mungu hamwambii mtu awache watoto wake na njaa. Huyo alosema naye ni mwengine." Dakika chache baadaye mama mchungaji wetu wa Mbeya, ambaye kwa kawaida hakubaliani na bi mkubwa hata juu ya saa ya kukutana, akaandika neno moja tu: "Amina." Na aliyekitetea kufa na kupona alikuwa kijana wetu wa Nairobi, mtu ambaye msikiti na kanisa vyote anavipita kwa mbali. Yeye alikiona kizuri mno. Alisema hajawahi kusoma kitu kilichomfanya atamani kuamini.

Nimelifikiria hilo sana. Nadhani mtu asiye na dini anaisoma sauti ile kama sehemu ya hadithi, uchawi mzuri kama uchawi mwingine, anaufurahia anaendelea. Mwenye dini hawezi. Kwake hilo ni dai, na dai lina vipimo vyake: nani kaambiwa, kaambiwa nini, matunda yake yako wapi. Matunda yenyewe ndiyo haya, mke kalala kitandani na mtoto anajipikia. Bi mkubwa hakuwa anakosoa riwaya, alikuwa anamhoji shahidi.

Nami niko upande wa bi mkubwa kuliko nilivyotarajia. Kurasa bora za kitabu hiki, kwangu, ni zile za Nicholas akiwa mtoto. Anampenda baba yake, anamwogopa, anamngoja arudi, na akirudi hajui aseme nini na mtu mrefu aliyekonda mwenye rangi kwenye kucha. Pale mwandishi hapambi sana, anaangalia. Lakini kadiri hadithi inavyosonga naona anaanza kumlipia baba madeni yake. Picha za baba zinaungua pamoja na nyumba na yeye mwenyewe, na moja iliyosalia, iliyotolewa zawadi kwenye shindano la ushairi, ndiyo inayompeleka Nicholas kisiwani kwa akina Gore. Kisha kisiwani mambo ya ajabu yanaanza kutokea, na nitafichua kidogo tu: yanamgusa Sean. Yote mazuri, yote yameandikwa kwa ustadi. Ila ni kama tunaambiwa, mnaona, baba alikuwa sahihi. Mama aliyelala kitandani hakuna anayerudi kumuuliza.

Juu ya mama huyo, mwenzetu mmoja anayefanya kazi ya kulea wazee huko Galway alitusaidia sana. Wengi wetu tulikuwa tunamsema: kwa nini hanyanyuki akatafuta kibarua? Akatueleza kwamba Ireland hadi 1973 mwanamke akiolewa alilazimika kuacha kazi ya serikali. Hiyo ilikuwa kanuni, haikuwa desturi tu. Kizazi cha mama yake Nicholas ndicho kilichoishi chini yake. Baada ya hapo maneno yalipungua kidogo.

Na ni huyo huyo aliyetuokoa kwenye swali la Isabel. Dada wa Muscat na shoga yangu wa Unguja walikuwa wameungana: ndoa mbaya, mume hafai, si adai talaka yake? Aende kwa kadhi, ajivue, arudi kwao. Haikuwa hivyo. Katiba ya Ireland ya 1937 ilikataza talaka. Mwaka 1986 wananchi waliulizwa kwa kura wakasema hapana. Wakaulizwa tena Novemba 1995, na safari hii "ndiyo" ilishinda kwa asilimia 50.28, tofauti ya kura zisizofika elfu kumi nchi nzima. Hadithi ya Isabel ni ya kabla ya kura zote hizo. Akishasema ndiyo kanisani, hana mlango wa kutokea. Mwandishi halielezi kwa sababu msomaji wa kwao analijua. Sisi tusipolijua, nusu ya uzito wa harusi ile inapotea, tunabaki kumwona msichana mzembe asiyejitetea.

Kwa mwanga huo nikamsoma upya Margaret, mama yake Isabel. Barua anazoandika Nicholas zinapita mikononi mwake, na haziendi zilikoandikiwa. Vijana wa kikundi walimchukia papo hapo. Waliowahi kuozesha hawakumchukia. "Binti yake ni mke wa mtu, alitakaje?" aliuliza mama mchungaji, na safari hii bi mkubwa akaitikia. Tulibishana siku hiyo mpaka wengine wakazima simu. Mimi naona Margaret ndiye mtu aliyechorwa vizuri kuliko wote. Yeye naye aliwahi kupendwa kwa maneno mazuri, aliolewa na mshairi, na amekaa na mshairi huyo nyumba moja miaka yote, anajua maneno mazuri yanapikwa na nini. Anapoishika barua mkononi anajua kabisa ina nini na itafanya nini. Ningependa sana riwaya ingempa yeye sauti ya kwanza badala ya kumwangalia kwa nje.

Mapenzi yenyewe ya Nicholas na Isabel, nayasema kwa unyonge, ndiyo yaliyonigusa kidogo. Yanakuja kwa kasi mno. Mtu umengoja kurasa zote hizo, halafu wanapendana kwa sababu imeandikwa wapendane. Mwalimu wa Tanga alisema hiyo ndiyo kudura, na kudura haiombi ruhusa kwa msomaji. Sawa, lakini mimi nilitaka nione wanacheka pamoja walau mara moja kabla ya kuanza kufa kwa ajili ya mapenzi.

Filamu yake ipo, imeongozwa na Polly Steele, na iliingia kwenye majumba ya sinema ya Ireland na Uingereza mwaka 2025. Williams mwenyewe ndiye aliyeiandikia mswada. Pierce Brosnan, yule wa James Bond, amekuwa baba mchoraji. Gabriel Byrne ni mwalimu mshairi, na Helena Bonham Carter ni Margaret. Mwenzetu wa Galway aliitazama na kutuambia mandhari zinatoa machozi, ila sauti ile ya kitabu, inayojua ndoto za watu, kamera haiwezi kuibeba. Kwa hiyo soma kwanza.

Kwa anayetaka kununua: ukiweza, chukua nakala ya kielektroniki, kwa sababu ya ukubwa wa herufi na kamusi ya kubonyeza. Kuna maneno ya huko kwao ambayo hata Kiingereza chetu cha shuleni hakikutufikisha. Ya karatasi ni nzuri zaidi kwa kusoma kwa sauti. Usikisome peke yako kama una namna ya kumpata mtu wa kubishana naye. Aliyefiwa karibuni angoje kwanza. Mwanafunzi anayejifunza Kiingereza asianze na hiki, atakata tamaa bure.

Nyota nampa nne kati ya tano. Bi mkubwa ameniagiza niandike wazi kwamba yeye anampa mbili, na moja kati ya hizo ni ya Margaret.