Kununua chakula Arusha ukitoka Kenya: Kilombero, supamaketi, kwa mangi na Tengeru

Swali ninaloulizwa sana na Wakenya wanaohamia Arusha ni kilo ya nyanya huku pesa ngapi, na kila mara nakosa la kujibu maana sokoni huku nyanya sinunui kwa kilo. Ni fungu, sado, ndoo au tenga zima, na bei utakayotajiwa inatokana na kipimo ulichosimamia, sio nyanya yenyewe. Mtu wa fungu na mtu wa sado wanaishi mtaa mmoja lakini bei zao wallahi utadhani wako nchi mbili. Sasa kwa vile maswali hayaishi naandika yote hapa mara moja, mimi natoka Mombasa, kazi ya mume ndio imetuleta, na jikoni kwangu hela ndio nazihesabu mimi.

Naanza na Kilombero kwa sababu mshahara mwingi unaishia huko. Soko liko mwisho wa barabara ya Sokoine, karibu na jengo la maduka la TFA, usilichanganye na Soko Kuu lililo katikati ya mji. Soko Kuu ni zuri ukiwa umeshuka mjini kwa shughuli nyingine na wataka vitu viwili vitatu uondoke, viungo hasa napenda kuchukua kule, lakini kwa mzigo wa wiki nzima Kilombero hakuna mpinzani. Nenda asubuhi, malori yameshusha, vitu bado vina umande, ikifika saa nane mchana wewe unachagua yaliyochaguliwa na wenzio.

Kinachonifurahisha pale ni kuwa kila kitu kina kwao na muuzaji atakutajia kabla hujauliza. Vitunguu ni vya Mang'ola, kule ziwa Eyasi, nyanya za Ngarenanyuki nyuma ya mlima Meru, mchele wa Magugu, machungwa ya Muheza, tangawizi ya Same, ndizi za Moshi na Mto wa Mbu. Na hapo ndipo utaelewa kwa nini bei ziko hivi, maana vitunguu vya Tanzania na machungwa ya Muheza tumevila Mombasa miaka yote, tofauti tulikuwa tunavilipia na nauli yake, na mpaka, na madalali wote waliovishika njiani. Huku unavikuta kabla havijasafiri.

Sasa sado. Ni lile kopo la plastiki la kama lita nne hivi, ndilo linapima karibu kila kitu, maharage, nyanya, karoti, viazi, dagaa, njugu. Inatakiwa ijazwe na kichwa, yaani ipande juu kama mlima, na hapo kwenye kichwa ndipo kuna mazungumzo yote. Nilipima maharage nyumbani kwa mizani ya jikoni, sado yenye kichwa cha heshima inapita kilo tatu, ikisawazishwa inaanza kukaa hapohapo kwenye tatu. Kwa hiyo usipigane na bei tu, pigana na kichwa. Mazungumzo yenyewe huwa hivi:

"Dada karibu, Ngarenanyuki hizi, ngumu hazina maji."

"Sado ngapi mamangu?"

"Tano tu."

"Sema ya mwisho."

"Aisee dada, tano ndio ya mwisho, ila nakuongeza pale juu, lete mfuko."

Basi hapo kubali, maana akikuongeza mbili tatu na akakupa na hoho moja ya bure ushapata kuliko angekushushia mia tano. Na usione vibaya wakikuambia wewe Mkenya una hela wewe, lafudhi itakuuza tu hata ufanyeje, mimi wameshanipa jina la dada Mombasa na siku hizi jina hilo linanipatia nyongeza badala ya kunipandishia bei.

Hesabu yake ni hii. Genge (kibanda cha mboga) la mtaani kwangu fungu la nyanya tano au sita ni buku, yaani elfu moja. Sado ya elfu nne msimu nyanya zikiwa nyingi ukizimwaga mezani ukahesabu unakuta thelathini na zaidi. Kwa mafungu hizo hizo zingekula karibu elfu sita. Ila bei ya nyanya usiishike kichwani, masika mvua ikikolea nimeona sado hiyo hiyo inapita elfu kumi na hapo hata mimi narudi kwenye mafungu maana za sado nusu zinaoza kabla ya Ijumaa. Na chunguza kitako cha kopo, sio kwa wale wa ndani sokoni wanaojulikana, nazungumzia wale wa kando ya barabara, kuna mmoja kopo lake lilikuwa limebonyezwa kwa ndani kiasi kwamba ningeweza kukalisha kikombe mle. Nililigeuza, nikamwangalia, akacheka, nikaenda zangu.

Bei nyingine nitaje harakaharaka, na hizi ni za kwangu za miezi hii ya karibuni, zote ni shilingi ya Tanzania, gawa kwa 19 au 20 utapata ya Kenya. Nyama ya ng'ombe bucha za mitaani elfu kumi hadi kumi na mbili kilo, hiyo ni nafuu kuliko tulivyozoea na nyama ya huku ina ladha, ng'ombe hawa wametembea. Maziwa freshi lita 1,800 hadi 2,000, yaani kama mia moja ya Kenya, wakati kwetu pakiti mbili za nusu lita zinapita mia na ishirini. Mchele wa Magugu kama elfu tatu kilo, unanukia, haushikani, na biriani nimeupikia mgeni wa kutoka Old Town ya Mombasa akaniuliza nimeleta mchele kutoka wapi. Parachichi sitaji hata bei, mtu akikuuzia ghali mwache. Mayai na sukari ni yale yale tu. Sukari inatoka TPC hapo Moshi, lakini usidhani ukaribu wa kiwanda unakulinda, mwanzoni mwa 2024 mvua za El Nino zilipovuruga uzalishaji sukari iliadimika hadi serikali ikaweka bei elekezi, na wenyeji wanasimulia kilo ikivuka elfu nne madukani. Unga wa ngano hauna nafuu yoyote, na mtu wa mahamri kila asubuhi kama mimi lazima aliweke hilo kwenye bajeti. Unga wa mahindi ukizoea pakiti ya kilo mbili utaisaka sana, huku nyingi ni moja, tano, kumi, au unaenda mashineni unachukua sembe ya kupima na inakuwa rahisi zaidi.

Kulipa. Noti za Kenya ziache kwenye droo au kabadilishe, tangu Machi 2025 kuna kanuni kabisa zinazokataza kupanga bei na kulipana kwa pesa za kigeni humu ndani. Kwa lipa namba, ile namba ya duka ya kulipia kwa simu, pata laini ya hapa, unasajiliwa kwa pasi na alama za vidole. Wengi Kilombero wanapokea kwa simu lakini ukimtumia kwenye namba yake ya kawaida atakuambia "weka na ya kutolea", kwa hiyo unaongeza makato juu ya bei, na kwenye mchicha wa mia tano hiyo haina maana. Mimi natoa keshi mara moja naenda nayo, tena chenji ndogo ndogo, ukimpa mama wa mboga noti ya elfu kumi saa moja asubuhi umemwonea. Mfuko beba wako. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku huku toka tarehe 1 Juni 2019 na ile mbadala utauziwa, sio pesa nyingi ila ukinunua kila siku inajumlika.

Supamaketi sasa. Wakenya tuna historia nazo hapa, wenyeji watakukumbusha kwamba Shoprite ilikuwa pale TFA, mwaka 2014 ikawauzia Nakumatt yetu, na Nakumatt nayo tunajua ilivyofilisika. Zilizopo leo ni safi, zina parking, ubaridi, zinafunguliwa hadi usiku, na kuna siku mtu wataka tu kusukuma toroli bila kuongea na mtu. Lakini angalia unachoweka kwenye toroli. Vitu vilivyotoka Kenya, siagi ya mkate, majani ya chai uliyoyazoea, sosi, vimelipiwa safari vikaja kukusubiri kwenye shelfu kwa sababu wanajua utavikumbuka. VAT huku ni asilimia 18, kwetu 16, na iko kwenye vingi vya viwandani, wakati maharage na mchicha wa sokoni haviko huko kabisa. Kuna supamaketi moja siitaji, jibini kwenye shelfu imeandikwa bei moja, kaunta mashine ikasoma nyingine, juu zaidi, kijana akaniambia ile ya shelfu ni ya zamani. Sasa si muibandue jamani. Siku hizi nasoma risiti palepale kabla sijatoka. Huko nanunua sabuni, nepi, karatasi za chooni zikiwa na ofa, na jibini. Mboga supamaketi sinunui, karoti zilezile zimefungwa kwenye trei zinauzwa mara mbili.

Kwa mangi ndiko nilikodharau mwanzoni, sasa siwezi kuishi bila. Kila mtaa una duka la mangi, kidirisha chenye nondo, ndani kuna kila kitu duniani, na anakuuzia kwa kiasi cha shida yako. Robo ya sukari, mafuta ya kupima, yai moja, kiberiti, vocha. Kwa kilo ni ghali kuliko Kilombero, mia mbili, mia tatu juu, na akiwa anauza robo robo ukizijumlisha umelipia kilo na zaidi. Lakini yuko wazi saa nne usiku, wa kwangu ananipunguzia makali kwenye daftari mwisho wa mwezi ukichelewa, na mtoto nikimtuma anarudi na chenji kamili pamoja na salamu. Hilo supamaketi gani itakupa? Ushauri wangu tu usigeuze kwa mangi ndio soko lako la kila kitu, utashangaa hela imeenda wapi na hukumbuki ulichonunua.

Masoko ya nje ya mji yana siku zake. Tengeru, barabara ya Moshi, Jumatano na Jumamosi. Ngaramtoni, njia ya Namanga, Alhamisi na Jumapili. Ni bei za wakulima karibu, mkungu mzima wa ndizi mshale unaubeba kwa hela ambayo mjini unapewa vichana. Ila daladala, na wa kukubebea mzigo, na bodaboda ya kukufikisha mlangoni, vyote vinadai. Kama mko watu wawili nyumbani usijisumbue. Sisi tuko wengi na tunaungana majirani watatu, mkungu unagawanywa uani na kila mtu anatoa chake, hapo inalipa. Jumamosi Tengeru panajaa kweli kweli, simu weka ndani, na masika vaa buti usione aibu.

Gesi nisisahau, maana kuna mtu alinipigia akiwa Namanga na mtungi kwenye buti ya gari. Mtungi wa Kenya usihangaike nao, kwetu mkubwa ni kilo 13 na huku ni kilo 15, utakosa wa kukubadilishia. Uza huko, nunua mwingine huku.

Sasa maumivu yangu, na haya sio kosa la soko, ni jiografia. Nazi. Mtu wa pwani ukifika Arusha unaanza kuhesabu nazi kama dhahabu. Zinatoka Tanga na Pwani, zikifika huku moja ni elfu moja hadi elfu moja mia tano, ndogo, na mwezi wa Ramadhani bei inapanda na nyingine ukiipasua ishaharibika ndani. Zamani mbaazi zangu zilipata tui la kwanza na la pili, sasa la kwanza linaenda kwenye mbaazi za Jumapili pekee na siku nyingine tunakula za kukaanga, na mbaazi zenyewe ni nzuri na rahisi kuliko za kwetu kwa sababu zinalimwa hapa hapa Karatu na Babati, yaani kibaya ni tui tu. Ya pakiti ya supamaketi nimejaribu, mume wangu alikula kimya na mimi nikaelewa.

Samaki ndio usiseme. Sato na sangara wa Mwanza wapo, perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu wapo na wakiwa wabichi ni watamu, dagaa tele. Wa baharini wanafika na barafu kutoka Tanga na wanauzwa bei ya harusi. Kwa ujumla Kilombero nampa nne kwa tano, mangi nne, Tengeru tatu na nusu kwa sababu ya mgongo wangu, supamaketi mbili na nusu. Na kama kuna mtu hapa Arusha anajua anayeuza samaki changu mbichi kwa bei ya binadamu, sio wa friza aliyelala wiki mbili, aniambie na asimwambie mtu mwingine.