TAHADHARI: "Dawa ya kurudisha weusi" inayouzwa Mwanakwerekwe na Darajani ni oili chafu

Assalamu alaykum. Wenye gari, vespa na honda hapa Unguja, kuna kijana anazunguka kwenye maegesho na chupa za maji za nusu lita zilizojaa kitu cheusi. Chupa shilingi 5,000. Msinunue.

Anakuja na kitambaa, anakufutia kipande cha bampa lililopauka, kinarudi cheusi ti hapo hapo. Kabla hujauliza kitu ameshafika kwenye mipira ya milango na matairi. Akishapokea pesa haonekani tena.

Ile ni oili chafu ya injini iliyozimuliwa kwa mafuta ya taa, na marashi kidogo ya kuua harufu. Fundi wetu aliinusa mara moja tu akaijua.

Gari ya shemeji yangu ilipakwa Alhamisi. Ijumaa anashuka kwenda msikitini, kanzu ikagusa mpira wa mlango, ikapata mstari mweusi kuanzia kiunoni mpaka gotini. Kanzu imepotea, lakini kubwa ni huo mpira. Siku zilivyokwenda ukavimba, ukalegea. Ukiubonyeza unabonyea na kidole kinatoka cheusi, na mlango haufungi mpaka uupigize. Mpira hunywa mafuta ya aina hii, na ukishavimba hivyo mara nyingi haurudi kama ulivyokuwa.

Kwenye matairi naogopa zaidi. Oili ikiingia kwenye kashata, tairi linateleza, na kwa honda hiyo ni roho ya mtu. Ikirukia diski, breki hazishiki. Na hawa vijana wanaoosha magari wanaipaka kwa mikono mitupu kutwa nzima, wakati oili chafu ikizoeleka kwenye ngozi inaweza kuleta saratani. Wazazi wao wajue.

Mkiletewa chupa yoyote isiyo na lebo, tieni tone kwenye karatasi nyeupe mwache mpaka kesho. Oili huacha duara la mafuta linalotanuka na halikauki.

Plastiki na mpira hupauka kwa sababu jua limekula ngozi ya juu, na jua letu mnalijua. Osheni kwa sabuni, kausheni vizuri, kisha pakeni dawa ya silikoni ya maji, iliyofungwa kiwandani. Kwenye tairi pakeni ubavuni tu. Bampa lililochubuka halitibiwi na mafuta ya aina yoyote, hilo linataka rangi ya plastiki.

Aliyekwisha kupakwa aoshe leo kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, arudie mpaka kitambaa kitoke safi, aanze na mipira ya milango, na diski za breki amwachie fundi. Chupa msiimwage mtaroni. Ihifadhini muipeleke ZFCC, tume ya ushindani wa biashara ya Zanzibar inayolinda watumiaji, pamoja na malalamiko yenu, na ndugu zetu wa Pemba mkimwona Chake au Wete, mjulishane mapema.