Lebo ya GoodWeave kwa zulia la Nepal liendalo Marekani

Kwa kiwanda cha Kathmandu kinachoanza kuuza Marekani, GoodWeave, lebo ya kuonyesha kuwa zulia halikufumwa na watoto, ina thamani kweli. Ilianza 1994 ikiitwa RugMark. Kila lebo ina namba yake, hubandikwa nyuma ya zulia, na wakaguzi huingia kiwandani bila taarifa kuhakikisha hakuna mtoto kwenye kitanda cha mfumi.

Ila haikuhakikishii ubora. Zulia likitajwa kuwa na mafundo 60 au 100 kwa inchi ya mraba, yahesabu mwenyewe upande wa nyuma. Sugua sufu kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Kikishika rangi, usipakie, maana itachujia sakafuni kwa mteja.

Kwa soko la Marekani, zulia kubwa la muundo unaorudiwa pia hupimwa kama linashika moto: vipande 8, kidonge kinachowaka katikati ya kila kimoja, angalau 7 vifaulu.