Kikokotoo cha umbali wa ndege: Resolute hadi Grise Fiord

Kwa kilomita, vikokotoo vya mtandaoni vinapata alama 5 kati ya 5. Kwa muda wa safari vinapata 1 tu, hasa ukivipa njia ya kaskazini ya mbali kama hii ya Nunavut, Kanada.

Ingiza misimbo ya viwanja, YRB kwa Resolute na YGZ kwa Grise Fiord, wala usiandike majina. Yale ya Kiinuktitut, lugha ya wenyeji Wainuiti, yaani Qausuittuq na Aujuittuq, huandikwa kwa namna zaidi ya moja. Jibu litakuwa kama kilomita 383, na ni sahihi. Ramani bapa isikutishe na mstari wake mrefu: kwenye nyuzi 75 kaskazini, nyuzi moja ya longitudo ina kilomita 29 hivi, ilhali kwenye ikweta ina 111. Ramani inavuta, kikokotoo kinapima juu ya tufe.

Mambo huharibika kwenye muda. Fomula iliyozoeleka hugawa umbali kwa kasi ya jeti, tuseme kilomita 800 kwa saa, kisha huongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Unapewa dakika 59. Jeti gani hiyo itakayotua Grise Fiord? Njia ya kurukia ni ya changarawe, haifiki mita 600, na milima imeibana. Inayotua pale ni Twin Otter, ndege ya propela mbili inayokwenda kama kilomita 270 kwa saa. Hewa ikitulia, ni saa 1 na dakika 25. Ukija upepo wa mbele wa kilomita 50 kwa saa, ni saa 1 na dakika 44.

Halafu kuna mtego wa saa za mahali: Grise Fiord iko saa 1 mbele. Ukiruka Resolute saa 4:00 asubuhi unafika saa 6:25 mchana, na ukirudi, saa za ukutani zitakudanganya kwamba umeruka dakika 25 tu.

Mafuta nayo hayamo kabisa kwenye hesabu ya kikokotoo. Ukungu au upepo ukiufunga uwanja, rubani hugeuza hadi alikotoka, kwa hiyo hujaza ya kwenda na kurudi. Kwa kilo 270 hivi kila saa, ukiongeza akiba ya dakika 45, inakaribia tani nzima, kwenye ndege ambayo uzito wake wa juu wa kupaa ni kilo 5,670. Abiria na mizigo hugawana kinachobaki, ndiyo maana begi lako linaweza kuachwa ingawa viti viko wazi.

Kama programu inakuruhusu kuweka kasi yako, weka 250, futa ile nusu saa, kisha ongeza dakika 10.