Semina ya Jumamosi tatu kwa walimu wa Kiingereza: uzoefu wangu

Nafundisha Kiingereza kidato cha kwanza na cha pili kwenye shule ya kata huku Mbagala, Dar es Salaam. Mkondo wangu mdogo kuliko yote una wanafunzi 84. Wengi wamesoma miaka saba ya msingi kwa Kiswahili, halafu wanafika kwetu wanakuta Biolojia, Jiografia na Hesabu zote zimegeuka Kiingereza. Somo langu likilegea, na mengine yanalegea. Ndiyo maana nilipoona tangazo la semina hii, Sinza, nililipa shilingi 75,000 kutoka mfukoni mwangu.

Jumamosi ya kwanza iliniudhi. Tuliambiwa saa mbili na nusu, tukaanza saa nne, projekta ilikuwa haijafika. Mwezeshaji, mgeni hapa nchini, alitumia karibu saa nzima kutufundisha kutamka "th". Mtoto anayesema thelathini na dhahabu sauti hizo anazo tayari. Mwambie tu kwamba "think" inaanza kama thelathini na "this" kama dhahabu. (Wapo wanaosema selasini, najua, lakini hao nawarekebisha kwa Kiswahili kwanza.) Kinachotutesa ni irabu. Kiswahili kina tano, Kiingereza kina nyingi zaidi, kwa hiyo "ship" na "sheep" masikioni mwa wanafunzi wangu ni neno moja. Nilinyoosha mkono nikamweleza hivyo. Namshukuru, alisikiliza, na wiki iliyofuata alikuja na zoezi: anatamka, ukisikia "ship" unainua kidole kimoja, "sheep" viwili. Ukumbi mzima wa walimu vidole vilitofautiana. Hapo tukaanza kazi.

Jumamosi hiyo ya pili ndiyo iliyolipa hela yangu yote. Kila mmoja alifundisha dakika 15, wenzake wakiwa wanafunzi, na mmoja amekaa nyuma na saa ya simu. Mimi nilipimwa na mwalimu wa Temeke, dada mpole sana. Nilipomaliza alinipa kikaratasi: nimeongea dakika 11. Chini yake: "Do you understand?" mara tisa. Miaka sita nafundisha na hakuna mkaguzi aliyewahi kuniambia hilo. Nilikishika kile kikaratasi kwenye daladala mpaka Rangi Tatu.

Badala ya kuuliza kama wameelewa, tulifundishwa kuuliza vijiswali vifupi vinavyoonyesha kama kweli wameelewa. Jumatatu niliandika ubaoni: "Juma used to live in Tanga," yaani aliishi huko zamani, si sasa. Mmeelewa? "Yes, madam!" darasa zima. Nikauliza: Juma leo yuko Tanga? Zaidi ya nusu wakaitikia ndiyo. Nilikuwa nimewapoteza watoto hao kwenye mada nzima bila kujua.

Jumamosi ya tatu kulikuwa na imla ya kukimbia: kifungu kinabandikwa ukutani, mmoja anakimbia kukisoma, anarudi kumwambia mwenzake, anayeandika. Zuri sana, lakini lilitungwa kwa darasa la watu 20, na mwezeshaji alipoulizwa kuhusu 80 hakuwa na jibu. Jibu lilitoka kwa yule yule dada wa Temeke: bandika nakala nne nje, kwenye kuta chini ya madirisha, atoke yule tu anayekaa mwisho wa dawati. Nimejaribu. Kelele zilimleta mwalimu wa Hesabu kutoka darasa la jirani. Lakini binti mmoja ambaye tangu Januari sijawahi kusikia sauti yake alikuwa amesimama anabishana na mwenzake kama ni "their" au "there".

Mengine: chai nzuri, vitini vimechapishwa vibaya hadi picha hazionekani, na softi kopi unalipia tena. Cheti kimechukua miezi miwili. Kwa bei ile, si haki.

Ukitaka kujiunga, uliza kwanza kama utafundisha huku unatazamwa. Kama ni slaidi tu siku zote tatu, baki na hela yako.

Kile kikaratasi nilikipeleka kwenye kikao chetu cha MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini) pale shuleni, na sasa tunapimana wenyewe kwa wenyewe, hata mwalimu wa Fizikia ameingia. Wiki iliyopita ilikuwa zamu yangu tena: dakika 6 kati ya 15, na "Do you understand?" mara moja.