Gypsy (1959): Albamu Inayomrudishia Ethel Merman Heshima ya Uigizaji

Anayetaka kumfahamu Ethel Merman, mwimbaji na mwigizaji wa Marekani, anaweza kuanzia popote katika miaka 40 aliyoitawala Broadway, eneo la kumbi kubwa za maigizo jijini New York, lakini mimi humshauri aanze na albamu ya mchezo wa nyimbo wa Gypsy iliyotolewa na Columbia Records mwaka 1959, ambamo waigizaji wa kwanza wa mchezo huo wanaimba muziki wa Jule Styne kwa maneno ya Stephen Sondheim. Nimeisikiliza mara nyingi, na kila nikimaliza huumia kuona kwamba mwanamke huyu amebaki kusifiwa kwa ukubwa wa sauti yake tu, ilhali alikuwa mwigizaji wa hali ya juu.

Sifa ya sauti aliistahili. Alizaliwa Astoria, Queens, mwaka 1908, akafanya kazi ya ukarani wa hatimkato, na hakupata mafunzo rasmi ya uimbaji. Mwaka 1930, katika mchezo wa Girl Crazy wenye muziki wa George Gershwin, alishikilia noti moja kwa vipimo 16 vya muziki huku okestra ikiendelea kuucheza wimbo, na hayo yalikuwa majukwaa yasiyo na vipaza sauti, ambapo mwimbaji alimfikia mtazamaji wa kiti cha mwisho kwa nguvu ya mapafu yake mwenyewe. Baadaye alicheza katika Anything Goes ya Cole Porter (1934) na Annie Get Your Gun ya Irving Berlin (1946), iliyoonyeshwa mara 1,147.

Katika Gypsy yeye ni Rose, mama anayewasukuma binti zake wawili jukwaani kwa sababu yeye mwenyewe hakuwahi kulipata jukwaa hilo. Kuna kifungu kifupi cha muziki, Rose anaposema kwamba aliota ndoto, ambacho Styne amekirudia katika nyimbo tatu, na hapo ndipo ninapomwomba msikilizaji atege sikio. Mara ya kwanza, Rose anapomwomba baba yake dola 88, Merman anakitamka kwa ubembelezi, kama mtu anayeamini kabisa kwamba akieleza vizuri atakubaliwa. Mara ya pili, binti mmoja akiwa amekwisha kutoroka, ubembelezi umekauka na umebaki ukaidi mtupu. Mara ya tatu, katika wimbo wa mwisho, Rose's Turn, mama yuko peke yake, watoto hawamhitaji tena, na kifungu kilekile kinatoka kama mashtaka. Katika wimbo huohuo anafika kwenye neno "mama" na ulimi unamgoma: analigugumia, analisimamisha, analianza upya, na kwa nukta chache ile sauti ambayo haikuwahi kutikisika inasikika kama ya mtu aliyepotea njia. Sijui mwimbaji mwingine ambaye kigugumizi chake kimenigusa kiasi hicho.

Jack Klugman, anayecheza Herbie, mpenzi wa Rose, hakuwa mwimbaji, na jambo hilo linasikika. Hata hivyo nyimbo zao za pamoja zina upole usiotarajiwa, kwa kuwa Merman anaipunguza sauti yake ili mwenzake asizame. Klugman mwenyewe alisimulia kwamba Merman alifanya vivyo hivyo siku Klugman alipojaribiwa kwa nafasi hiyo. Utangulizi wa okestra nao ni wa kusisimua, hasa tarumbeta zinapopamba moto.

Kasoro ya albamu ni ya zama zake. Santuri moja haikuweza kubeba mchezo mzima, kwa hiyo mazungumzo mengi yameachwa, na asiyeijua hadithi atashindwa kuelewa kwa nini mama huyu amekasirika hivyo mwishoni. Ni vyema kusoma muhtasari wa mchezo kwanza, kisha kusikiliza kwa mpangilio bila kuruka hata zile nyimbo nyepesi za watoto, maana ndizo zinazoonyesha jinsi Rose alivyorudia onyesho lilelile mwaka hadi mwaka.

Tuzo ya Tony ya 1960, tuzo kuu ya maigizo ya Broadway, ilikwenda kwa Mary Martin, na filamu ya Gypsy ya 1962 ikampa Rosalind Russell nafasi ya Rose. Merman alifariki mwaka 1984, na kwa sisi ambao hatukukaa kwenye viti vya ukumbi ule, Rose wake tunamkuta katika albamu hii. Naipendekeza bila kusita, na Rose's Turn isikilizwe kwa vipokea sauti vya masikioni, mahali palipotulia, ili pumzi anayoivuta kabla ya lile neno "mama" isipotee.